Namna ya Kutumia Kipimo cha Jeni Kabla ya Kuanza Dawa

Anza na dawa, kisha utafute jeni inayoihusu. Kupima jeni nyingi bila dawa yoyote mezani huzaa makaratasi tu. Kwa abakaviri, dawa ya VVU, pima aina ya jeni iitwayo HLA-B*57:01. Ikionekana, dawa hiyo isitumike kabisa. Kwa azathioprini, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, pima jeni za TPMT na NUDT15, maana nakala zote mbili za TPMT zikiwa hazifanyi kazi, dozi ya kawaida huweza kuua uboho. Kwa klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, pima jeni ya CYP2C19.

Kodeini, dawa ya maumivu, inafaa kuangaliwa kwa karibu. Ini hugeuza sehemu yake kuwa mofini kwa kimeng'enya cha CYP2D6, kinachotokana na jeni ya jina hilohilo. Kimeng'enya kikiwa dhaifu, maumivu hayatulii, na kuongeza dozi huleta madhara bila nafuu. Mwenye nakala za ziada za jeni hiyo hutengeneza mofini nyingi kwa haraka, na dozi ya kawaida inaweza kumzuia kupumua. Mwaka 2017 Marekani ilikataza kodeini kwa watoto wa chini ya miaka 12.

Ukitoa sampuli ya mate, usile, usinywe wala kuvuta sigara kwa dakika 30 kabla. Sema kama umewahi kupandikizwa uboho, kwani maabara inaweza kusoma jeni za aliyekupa.

Majibu yakija, wengi hukosea kwenye *1, alama inayoandikwa baada ya jina la jeni. Maana yake ni kwamba mabadiliko yaliyotafutwa hayakuonekana, basi. Aina za jeni CYP2D6*17 na *29, zilizo nyingi kwa watu wenye asili ya Afrika, hupunguza nguvu ya kimeng'enya. Zisipotafutwa, ripoti itaandika "kawaida" kimakosa. Omba orodha ya yaliyopimwa, na usikubali kunyimwa.

Mpe pia mfamasia orodha ya dawa zako zote. Paroksetini na fluoksetini, dawa za sonona, huzuia CYP2D6, hivyo mwenye jeni nzima huishia kama mwenye jeni dhaifu.

Kabla ya primakwini, dawa ya malaria, pima G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu. Kipimo cha kawaida hupima nguvu ya kimeng'enya chenyewe, kwa hiyo kisifanywe mara tu baada ya seli nyekundu kuvunjika kwa wingi au kuongezewa damu: seli changa zilizobaki, au za mtoaji, zina kimeng'enya cha kutosha na zitaficha upungufu. Rudia baada ya miezi 3 hivi.

Tunza ripoti, kwani jeni ulizorithi hazibadiliki. Dozi abadilishe daktari. Usiipunguze mwenyewe kwa kusoma karatasi.