Chanjo ya kideri na gamboro: namna ya kuifanya ikamate bandani

Wafugaji wengi wa kuku huku Dar es Salaam, kuanzia Kitunda, Chanika hadi Mbagala, wanachanja kwa ratiba, na bado kuku wanakufa kwa kideri (ugonjwa wa Newcastle). Lawama zinaangukia dawa. Lakini chanjo za kunywesha ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na vikifia njiani, umewapa kuku maji matupu.

1. Siku ya kuchukua vifaranga, uliza walichanjwa nini walikototoleshwa. Kifaranga huanguliwa na kinga ya mama yake, na kinga hiyo huizima chanjo ya gamboro (ugonjwa wa virusi unaoharibu kinga ya kuku) ikitolewa mapema mno. Ndiyo maana ratiba nyingi huanza na kideri siku ya 7, gamboro siku ya 14, kisha zote mbili zinarudiwa. Marudio usiyaruke hata kidogo. Gamboro hushambulia kiungo kidogo kilicho karibu na tundu la haja, ambako chembe za kinga za kuku hukomaa. Aliyeugua gamboro mapema, hata chanjo ya kideri haimshiki sawasawa.

2. Chanjo inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kutoka Kariakoo hadi Chanika kuna foleni na jua, kwa hiyo nenda na kiboksi chenye barafu, na kichupa ukizungushie gazeti kisiguse barafu. Muuzaji akikitoa rafuni badala ya friji, usinunue.

3. Maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, yana klorini, na klorini inaua kirusi cha chanjo. Weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa kila lita, koroga, subiri nusu saa ndipo uweke chanjo. Drinka, yaani vyombo vya kunyweshea kuku, zisafishwe kwa maji tu, bila sabuni wala dawa ya kuua vijidudu. Dawa ya kutibu maji isimame kuanzia siku moja kabla hadi siku moja baada ya chanjo.

4. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: kiasi cha maji. Ukiweka mengi, chanjo inakaa saa nne kwenye joto ikifa. Ukiweka machache, wababe wanamaliza na wanyonge wanakosa. Siku moja kabla, saa ileile ya kuchanja, pima maji wanayokunywa kwa saa mbili. Hicho ndicho kipimo chako cha kesho.

5. Toa drinka saa 11 alfajiri. Kwa joto la Dar, saa moja ya kiu inatosha. Saa 12 fungulia kichupa ndani ya maji, koroga, ugawe kwenye drinka zote kwa mkupuo, nyingi za kutosha kuku wasigombanie. Kisha zunguka taratibu kandokando ya ukuta ukiwasukuma waliojikunyata. Kamata wachache wa pembeni, papasa chini ya shingo: mfuko wa chakula uwe umejaa maji. Ukiwa mkavu, bado hajanywa.

6. Kuku wanaoharisha damu au wanaokoroma, watibu kwanza. Mahindi yenye ukungu usiwape kabisa, maana sumukuvu hudhoofisha kinga kimyakimya. Vitamini baada ya chanjo ni nzuri, ila hazifuti kosa la hatua ya 4.

Chanjo iliyobaki haihifadhiwi. Chemsha kichupa, kisha ukifukie.