Mwenyeji asighairi: namna ya kulinda kikao cha mauzo ya nyumbani

Bidhaa ziko kwenye mabegi mawili, bajaji imefika mlangoni, halafu saa saba mchana inaingia meseji: "Samahani dada, nimepata dharura, tupange siku nyingine." Kwa muuzaji wa vyombo, mashuka au vipodozi anayetegemea vikao vya majumbani, ambapo mwenyeji hualika watu kwake nawe ukawaonyesha na kuwauzia bidhaa, meseji hiyo inaondoka na siku nzima ya kazi. Mara nyingi inaondoka na mteja pia, maana aliyeghairi huona haya kupokea simu yako tena.

Dharura za kweli zipo. Lakini anza kuandika daftarini sababu ya kila kikao kilichovunjika, na baada ya miezi michache mbili zitajitokeza kuliko nyingine: hofu ya sebule tupu na hofu ya gharama ya kukirimu wageni. Siku anakubali, mwenyeji alikuwa na furaha na wewe ulikuwa mbele yake. Wiki ikapita hajaalika mtu. Siku mbili kabla anahesabu vichwa anakuta jirani mmoja na wifi yake, aibu inamshika, na hapo ndipo dharura inapozaliwa. Ndiyo maana kazi ya kuzuia kughairi inafanyika ndani ya siku mbili za mwanzo baada ya kukubali. Asubuhi ya kikao umeshachelewa.

Ndiyo isiyo ndiyo

Kwetu kumkatalia mtu usoni ni kukosa adabu, kwa hiyo watu hukataa kwa kukubali. "Haya, tutapanga." "Mungu akipenda." "Ngoja nimwambie baba watoto." Hizo zote zipokee kwa heshima, lakini usiziandike kwenye kalenda.

Jina liingie kwenye kalenda baada ya kupata mambo matatu: tarehe na saa kamili, uhakika kwamba mwenzake nyumbani ameambiwa, na majina matano ya wageni anayokutajia papo hapo. Hilo la majina ndilo kipimo. Anayetaka kikao kweli atatoa simu na kuanza: "Kuna mama wa pale juu, kuna huyu tunasali naye..." Asiyetaka ataanza kuzungukazunguka. Huyo mfungulie mlango atoke bila kuvunjiwa heshima: "Dada yangu, kama mwezi huu umebanwa niambie tu, wala hakuna ubaya. Nitakutafuta mwezi ujao." Ukimpa nafasi ya kukataa leo, hatalazimika kukukwepa siku ya kikao.

Kama anaishi nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, uliza habari za mwenye nyumba na wapangaji wenzake. Wapangaji waalikwe wote, hata wasiponunua. Jirani aliyeachwa nje ndiye atakayelalamika kelele na viatu mlangoni, na mwenyeji akilifikiria hilo usiku atakosa raha.

Tarehe inayobeba kikao

Weka kikao siku 10 hadi 14 mbele. Chini ya wiki moja wageni hawajajipanga. Ikizidi wiki tatu hamu imepoa na mambo mengine yameingilia.

Kwa Dodoma angalia mambo haya kabla hujataja siku. Wafanyakazi wa serikali hupata mshahara siku za mwisho wa mwezi, kwa hiyo kikao cha kati ya tarehe 25 na tarehe 5 kina pesa mfukoni. Kikao cha tarehe 17 kina wageni wanaoshika sufuria, wanaisifia, na kuirudisha mezani. Januari ni ya ada na sare za shule. Bunge la bajeti linapokaa, Aprili hadi Juni, watumishi wengi wa wizara hurudi nyumbani usiku. Mwenyeji anayefanya kazi Mji wa Serikali Mtumba usimpangie siku ya kazi kabisa, hata akisema atawahi. Ramadhani usiitishe vitafunwa vya mchana mtaa wenye Waislamu wengi. Kwenye familia za wakulima, wa zabibu au wa alizeti, uliza mavuno yanauzwa lini kisha ufuate hapo.

Masika ya huku huanza Novemba mwishoni au Desemba na kuisha Aprili, nayo hunyesha kwa mapigo: wiki kavu, halafu alasiri moja korongo limejaa na bajaji haipiti. Miezi hiyo kubaliana mapema na mwenyeji kwamba mvua ikizuia, kikao kinahamia kesho yake saa ile ile. Siku ya akiba ikiwa imeshatajwa, mvua haiwezi kuua kikao.

Jumamosi ina ushindani mkubwa: usafi wa mwisho wa mwezi asubuhi, jumuiya, kitchen party, harusi, misiba. Jumapili saa tisa alasiri ni nzuri zaidi, watu wametoka kanisani na wamekula. Uliza pia kikoba chake kinakutana siku gani, na usiweke kikao siku hiyo wala siku iliyotangulia. Pesa ya hisa na marejesho haichezewi, na mwenyeji mwenye deni la kikoba hana moyo wa kuita watu waje kununua.

Wageni: msaidie kualika

Usimwachie mwenyeji kazi ya kualika peke yake. Kaa naye nusu saa, simu yake mkononi mwake, daftari mkononi mwako, muandike majina 25 hadi 30. Hesabu ya kufanyia kazi ni kwamba kati ya watatu walioalikwa atakuja mmoja, kwa hiyo majina 30 yanaleta wageni kama 10, na sebule ya wageni 10 imejaa. Akikwama, mkumbushe kwa makundi: majirani, wa kazini, wa kikoba, wa kanisani au msikitini, wazazi wa shule ya watoto, mawifi na mashemeji, fundi wake wa nguo, rafiki aliyehamia mtaa mwingine.

Ujumbe wa mwaliko andika wewe, mfupi, autume kama wake: "Shoga, Jumapili saa tisa nina wageni kwangu, kuna dada anakuja kutuonyesha vyombo vya kutunza chakula. Njoo tunywe chai, kununua si lazima. Nikutengee kiti?" Swali la mwisho ndilo linalofanya kazi, kwa sababu linataka jibu. Kila mtu atumiwe peke yake. Tangazo kwenye kundi la WhatsApp kila mmoja huliona ni la wengine, na mwenyeji akiona watu 60 wamesoma na hakuna aliyejibu, moyo unavunjika hapo hapo.

Kisha mwachie picha sita za bidhaa zenye bei, na lengo moja dogo: apate oda tatu zenye malipo ya awali kabla ya siku ya kikao, kutoka kwa watu wasioweza kuja. Kwa maoni yetu hakuna kinachoshikilia kikao kuliko hizi oda tatu. Mwenyeji aliyeshika elfu kumi ya mtu ana ahadi kwa mtu huyo, si kwako tu. Pia ana uhakika kwamba hata akija mgeni mmoja, kikao hakikuwa bure. Pesa hizo zitumwe moja kwa moja kwenye lipa namba yako na kila oda uiandikie risiti, zisije zikachanganyika na pesa ya mboga.

Gharama iwe ndogo, na ijulikane mapema

Mwambie siku ile ile anayokubali: "Usipike. Chai na karanga zinatosha." Asipoambiwa, atajipangia pilau na soda kreti nzima, na wiki ya mwisho pesa ikikosekana ataghairi badala ya kukueleza. Kwa wageni 10 inatosha chupa mbili za chai, maandazi 20, sahani ya karanga za kukaanga na jagi la juisi ya ubuyu, ambao Dodoma haukosekani. Chukua nusu ya gharama, mletee sukari na majani ya chai siku unayopeleka picha. Kumpa pesa taslimu hatukushauri, maana inaliwa kabla ya siku.

Uliza habari za maji na viti. Siku ya mgao wa maji, nyumba isiyo na tenki huona aibu kupokea wageni, na mwenyeji hatakwambia. Mkeka na jamvi vinatosha kukalia. Mwambie hivyo, asiende kukodi viti vya plastiki.

Zawadi ya mwenyeji nayo iwe wazi tangu mwanzo, na ikue kadiri mauzo yanavyokua. Kiwango kinachobebeka ni bidhaa yenye thamani ya asilimia 10 ya mauzo ya siku. Piga hesabu yako kwanza. Mauzo yakiwa 300,000 na faida yako ni robo, una 75,000. Zawadi ya bei ya 30,000 imekugharimu 22,500. Toa bajaji 10,000 na vitafunwa 10,000, unabaki na 32,500. Ukiahidi asilimia 20 kwa msisimko, zawadi peke yake inakugharimu 45,000, na unarudi nyumbani na 10,000 mkononi kwa kazi ya siku nzima. Zawadi itolewe siku ile ile mbele ya wageni. Wanaoiona ndio wenyeji wako wa mwezi ujao, na mwenyeji aliyemwona mwenzake akipewa haghairi kirahisi.

Simu, siku kwa siku

Jioni ya siku aliyokubali, tuma shukrani yenye tarehe, saa na siku ya akiba. Ndani ya siku mbili, kaa naye kwa ajili ya orodha. Siku tano kabla, piga simu uulize wangapi wamejibu. Wakiwa chini ya sita, ongezeni majina 10 jioni hiyo hiyo. Siku mbili kabla, awakumbushe waliokubali, kila mmoja kwa jina.

Siku moja kabla, piga, usitume meseji. Na hapa wauzaji wengi huharibu kwa swali moja: "Vipi dada, kesho bado ipo?" Umemfungulia mlango wa kutokea. Sema hivi: "Dada, kesho natoka hapa saa nane kamili. Nipitie sokoni nikuletee nini?" Atakujibu karanga au maandazi, na akishataja kitu cha kununua, ameshaanza kupokea wageni kichwani mwake. Akisita sekunde mbili kabla ya kujibu, usiendelee na habari za karanga. Muulize kwa upole: "Wageni wamejibu wachache?" Mara nyingi ndilo hilo, na bado una jioni nzima ya kulitengeneza.

Akighairi hata hivyo

Usilaumu, na usikate simu bila tarehe. Kwanza jaribu kupunguza: "Basi tusifanye kikao kikubwa. Nije saa kumi, tukae wewe na wale watatu waliokubali." Wageni wanne wanaotaka kununua ni bora kuliko kuanza upya. Ikishindikana, mwombe ruhusa ya kuwapigia waliokubali. Mmoja wao anaweza kupokea kikao kwake siku ile ile. Ikishindikana hilo nalo, taja siku mbili za karibu achague. Akighairi mara ya pili mfanye mteja wa kawaida, umpelekee bidhaa mlangoni, na kikao usimwombe tena mwaka huo.

Msiba una utaratibu wake. Ukisikia mwenyeji amefiwa, nenda na rambirambi kama mtu mwingine yeyote, kaa kwenye mkeka, na neno bidhaa lisitoke mdomoni. Waliotoa malipo ya awali wapigie wewe mwenyewe uwapelekee vitu vyao. Baada ya kuanua matanga acha zipite wiki mbili kisha mjulie hali. Tarehe ataitaja mwenyewe.

Kwa upande wako, ukihitaji vikao vinne kwa mwezi panga sita, kila kimoja siku yake. Na kwenye daftari la sababu ongeza safu moja: ni hatua ipi uliyoiruka kwa mwenyeji huyo. Ukikuta safu hiyo imejaa "orodha ya wageni", unajua nusu saa yako ya mwezi ujao inaenda wapi.