Mlinzi na Mama Uji Wanajua Kabla Yako

Ukitaka kujua hali ya shule yako, usianzie ofisini kwa mwalimu mkuu. Anzia getini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usimame na mlinzi. Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya msingi huku Mbagala, Dar es Salaam, na mengi ninayoyajua kuhusu watoto nimeyapata kwa mlinzi wetu na mama anayepika uji. Hawashiki chaki, lakini wanamwona mtoto kabla hajajikaza mstarini.

Mwalimu wa zamu aache fimbo ofisini. Mtoto aliyechelewa aulizwe kwanza: "Umetokea wapi leo, mwanangu?" Wapo wanaotoka Chamazi, makonda wamewakataa kwa sababu ya nauli yao ndogo ya wanafunzi. Ukimchapa huyo, siku nyingine akichelewa haji kabisa. Atazurura stendi ya Rangi Tatu hadi wenzake watoke. Na kwa wenzangu wanaosema kanuni inaruhusu viboko: kanuni inamtaja mwalimu mkuu, au aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe daftarini. Fimbo ya getini haimo.

Mama uji mpe mambo mawili tu ya kuangalia: nani hanywi, na nani anaondoka na uji. Kwetu aligundua binti wa darasa la tano anayemimina uji wake kwenye chupa ya maji, kimyakimya, mgongo kaupa wenzake. Alikuwa anampelekea mdogo wake nyumbani. Tulimwongezea uji, kisha tukaenda kuonana na bibi yao. Ila mama uji aelewe: habari hizo anamwambia mwalimu wa malezi peke yake. Zikifika kwenye meza ya chai ya walimu, mtoto ameshakwisha.

Vyooni pita mwenyewe wakati wa mapumziko, kila siku kwa saa tofauti. Huko ndiko wakubwa wanakowatoza wadogo mia mia ili waingie.

Darasa la watoto zaidi ya mia huwezi kumwangalia kila mmoja, tusidanganyane. Chagua watano kwa siku kutoka daftari la mahudhurio, uwasalimie kwa majina na uwaulize jambo linalowahusu.

Ukihisi mtoto ana jambo zito, usimwite ofisini. Kila anayepita atamwona. Mpe madaftari mpange pamoja, ukae ubavuni kwake, unyamaze kidogo. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Akisema ameumizwa, usimhoji kama polisi: andika maneno yake yaleyale, mpe taarifa mwalimu mkuu, kisha ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure. Mzazi usimpigie kwanza kama anayetajwa anaishi humohumo ndani.

Ijumaa, watoto wakishaondoka, kaeni dakika kumi: wewe, mlinzi, mama uji na anayefanya usafi. Aanze mlinzi kusema, kwa sababu mwalimu akianza wengine wataitikia tu "ndiyo, mwalimu". Chai na vitumbua vya kikao hicho vitoke shuleni. Mlinzi akijinunulia mwenyewe, wiki ya tatu humwoni.