Jinsi ya kuongeza sehemu ya kupunguza tanga kwenye boti ndogo

Hii naandika kwa wenye viboti vidogo hapa Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, hasa sisi wa Kaazi na Entebbe huku Uganda, maana boti nyingi naona tanga ama limepanda lote ama limeshuka lote, katikati hakuna. Mwaka jana tulikuwa tunarudi kutoka upande wa kisiwa cha Ngamba mi na binamu yangu, upepo ukaanza kukua mbele ya mvua, boti inalala mpaka maji yanaingia, binamu amejitoa nje kabisa ya ukingo na bado haitoshi, tukashusha lote tukabaki tunasukumwa tu na mawimbi. Upepo ukitoka noti 10 (maili za baharini kwa saa) ukafika 14, nguvu yake kwenye tanga inakuwa karibu mara mbili.

Hatua ya 1, pima. Tandaza tanga kwenye sakafu safi. Langu upande wa mlingoti lina mita 4.5, nikapima sentimita 70 kutoka kona ya chini nikaweka alama, hapo unapunguza kama asilimia 29 ya tanga lote. Upande wa nyuma alama ipande kidogo zaidi, 75 hivi, la sivyo bumu, ule mti wa chini, utainama nyuma na kugonga watu vichwa.

Hatua ya 2, viraka, na hapa tafadhali usiwe na haraka maana hizo kona mbili mpya, pale ulipoweka alama, ndio zinabeba mzigo wote. Weka vitambaa vitatu kila kona, kidogo, kikubwa, kikubwa zaidi, ili mzigo usambae usikatie kwenye mshono mmoja. Kitambaa kiwe cha tanga, hata kipande cha tanga kuukuu la dakroni, kile kitambaa cha poliesta cha matanga, turubai la lori linavutika. Uzi uwe wa poliesta. Fundi niliyempelekea kwanza alishona na uzi wa nguo, jua likaula, safari ya pili ukaachia wote nikafumua nikaanza upya kwa mkono na sindano ya viatu. Afu zile ringi za turubai za kugonga na nyundo zinachomoka, mi natumia pete ya chuma kisichoshika kutu naizungushia uzi kupita kwenye viraka vyote, vile unashona tundu la kifungo, mpaka chuma hakionekani.

Hatua ya 3, kati ya kona toboa matundu madogo matatu kwenye mstari uleule, kila moja na kiraka chake na kikamba. Vikamba hivi havibebi mzigo kabisa, kazi yake ni kukusanya kitambaa kinachoning'inia, kwa hiyo usivikaze.

Hatua ya 4, kamba. Mbele weka ndoano pale bumu linaposhikana na mlingoti. Nyuma, funga kamba kwenye bumu, ipande ipite kwenye pete, ishuke upande wa pili kwenye kapi, ije mbele mpaka mkono wako unapofika. Kapi likae sentimita chache nyuma ya pale pete inapoangukia, kamba ivute chini na nyuma pamoja, maana tanga likibaki na tumbo bado boti italala tu.

Hatua ya 5, fanyia mazoezi mwaloni boti ikiwa imefungwa, mara kumi hivi, mpaka mikono izoee. Legeza kamba ya kuongozea tanga, teremsha tanga mpaka pete ya mbele ifike kwenye ndoano, ingiza, kaza tena kamba ya kupandishia tanga, vuta ya nyuma mpaka ikaze kabisa, vikamba mwisho. Ukitoka alfajiri na unaona radi kule ziwani, toka ukiwa umeshapunguza, kuliko kuhangaika huko kwenye mawimbi.

Kurudisha tanga lote anza na vikamba vya katikati, vihesabu vyote vitatu, halafu nyuma, halafu mbele, ndio upandishe. Mi nilisahau kimoja nikavuta kwa nguvu, tundu likapasuka karibu urefu wa kiganja na hicho kiraka nakishona upya wiki hii.