Jinsi ya kukagua kampeni ya kipanya cha gemu chenye moduli kabla ya kutoa hela yako

Kila baada ya muda huibuka kampeni mpya ya kuchangisha fedha mtandaoni: kipanya cha gemu unachoweza kukivua mgongo, kukibadilisha ubavu wa vitufe, kukiongezea uzito, hata kuchomoa swichi (kidude kinachobofya chini ya kitufe) iliyochoka na kupachika mpya bila kuyeyusha risasi. Wazo hili nalipenda kwa dhati. Kazi yangu ni kutengeneza vipanya na kibodi za wachezaji, na vingi vinavyofika mezani kwangu vimeuawa na swichi moja ndogo ya bei rahisi wakati mwili, sensa (jicho linalosoma mwendo wa kipanya) na kebo bado ni vizima. Kipanya kinachofunguka kwa urahisi na kupokea kipuri kingeishi miaka mingi zaidi.

Ila si kila kampeni inayotaja moduli, yaani vipande hivyo vya kubadilisha, imefikiria jambo hilo hadi mwisho. Zifuatazo ni hatua ninazofuata mwenyewe, na ninazowapa wateja wanaoniuliza kama wachangie au waache. Mambo mawili nayapa uzito kuliko mengine yote: viungio vya moduli, na upatikanaji wa vipuri siku mtengenezaji akifunga duka.

Hatua ya 1: Pima mkono wako

Chukua rula. Pima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, kisha pima upana wa kiganja bila kidole gumba. Wachezaji wengi hufuata kanuni ya asilimia 60: mkono wa sentimita 19 hutulia kwenye kipanya cha urefu wa sentimita 11 na kidogo. Kisha jiangalie unavyoshika. Kuna wanaolaza kiganja chote, kuna wanaokunja vidole kama kucha, na kuna wanaogusa kwa ncha za vidole tu. Andika vipimo hivyo. Kampeni ikionyesha migongo mitano ya kubadilisha, huenda ni mmoja tu unaokufaa, na huo ndio utakaoutumia kila siku. Ukiugundua mapema hutalipia minne ya kukaa kwenye droo.

Hatua ya 2: Jua pesa yako inaingia wapi

Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha iliyoanza 2009, si duka. Unamsaidia mtu kutengeneza kitu, naye anaahidi kukupa zawadi akimaliza. Ni sawa na kumpa fundi seremala hela ya mbao kabla kitanda hakijaanza kuchongwa: unamwamini, lakini kitanda bado hakipo. Kwa kawaida kadi yako hukatwa pale tu kampeni inapofikia lengo na muda wake kwisha. Lisipofikiwa, hukatwi kitu. Indiegogo, tovuti nyingine ya aina hiyo, imekuwa pia na utaratibu ambao mwenye mradi huchukua kilichopatikana hata kama lengo halikufikiwa. Huo kwangu ni hatari zaidi kwa kifaa cha kielektroniki, kwa sababu nusu ya bajeti haitoi nusu ya kipanya.

Mwaka 2015 mtafiti Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichapisha uchunguzi kuhusu Kickstarter ulioonyesha kwamba takriban miradi 9 kati ya 100 iliyofadhiliwa ilishindwa kutoa zawadi zake. Kuchelewa ni jambo la kawaida kuliko kushindwa. Kwa hiyo tumia hela ambayo ukiikosa hutalala njaa, na usiuze kipanya chako cha sasa.

Hatua ya 3: Tafuta mfano unaofanya kazi

Tangu 2012 Kickstarter inawataka wenye miradi ya vifaa waonyeshe mfano halisi, na imekataza picha za kompyuta zilizotengenezwa zionekane kama bidhaa iliyokamilika. Tazama video ukitafuta mikono ya binadamu. Je, kipanya kinasogea na mshale kwenye skrini unasogea nacho katika picha hiyohiyo, bila kukatwa? Plastiki ina mistari myembamba ya printa ya 3D? Hiyo ni dalili nzuri, maana mfano wa kwanza huchapwa hivyo. Kinachonitia shaka ni kipanya kinachoelea hewani kikimwaga moduli zake kwa mpangilio, na hakuna hata mara moja kinapoguswa na kidole.

Hatua ya 4: Kagua viungio, na usiharakishe hapa

Moduli hushikwa kwa njia tatu kuu: skrubu, sumaku, au kulabu za plastiki zinazobana. Skrubu hushika imara na hudumu, ila kubadilisha kunataka bisibisi na subira. Sumaku ni raha kutumia, lakini zina uzito, na zikiwa dhaifu mgongo hutikisika unapokinyanyua kipanya kwa kasi. Kulabu ni nyepesi na rahisi kuzalisha, nazo ndizo huvunjika kwanza. Mimi nachagua sumaku zikisaidiwa na vijino vya kuelekeza: sumaku inavuta, vijino vinazuia kuteleza. Plastiki inayobeba nguvu yote peke yake siiamini.

Kisha kuna umeme. Moduli ya ubavu yenye vitufe lazima iongee na bodi, na mara nyingi hupitia pini ndogo zenye springi ndani, zilizopakwa dhahabu, zinazogusa vibati upande wa pili. Ukizitazama kwa kioo cha kukuzia utaona kichwa cha pini kama punje ya mtama, kinazama kidogo ukikibonyeza na kurudi ukiachia. Jasho, vumbi na mafuta ya vidole hukusanyika pale. Pini ikikwama nusu milimita tu, kitufe cha ubavuni hufanya kazi leo na kesho kinagoma katikati ya mechi. Pini zilizozama ndani ya shimo hukaa safi kuliko zilizochomoza wazi.

Waulize wenye kampeni maswali haya kwa maandishi, kwenye sehemu ya maoni ambapo kila mtu ataona jibu:

- Naomba video isiyokatwa ya moduli ikichomolewa na kurudishwa kompyuta ikiwa imewaka. Je, vitufe vinarudi kazini vyenyewe?
- Tikiseni kipanya karibu na maikrofoni. Kuna kinachogonga ndani?
- Bonyezeni ubavu kwa kidole gumba kwa nguvu. Mwanya unafunguka?
- Kikiwa tayari kutumika, chenye betri na moduli zote, mizani inasoma gramu ngapi?

Swali la mizani usiliache. Kila kiungio huongeza plastiki, skrubu au sumaku, na wachezaji wa gemu za kulenga wamezoea wepesi: Logitech G Pro X Superlight ya 2020 ina uzito usiozidi gramu 63. Kipanya cha moduli hakilazimiki kushindana na hicho, lakini uwe na namba uamue mwenyewe. Mwenye mfano halisi mkononi hujibu maswali haya kwa furaha, tena kwa haraka.

Kwa sisi wa Mombasa, Dar es Salaam, Tanga na Unguja nina swali la ziada: mgongo umepakwa raba laini? Joto na unyevu huichosha raba ile hadi inanata kama ulimbo, na haioshiki ikarudi ilivyokuwa. Plastiki ya kawaida yenye ukwaru mdogo huzeeka vizuri zaidi pwani.

Hatua ya 5: Swichi, sensa na gurudumu vitajwe kwa majina

Neno "ubora wa hali ya juu" halitengenezi kipanya. Dai namba za vipuri.

Swichi nyingi za vipanya, ziwe Omron D2F, Kailh GM au Huano, zina umbo moja: boksi la urefu wa milimita 12.8 na upana wa 5.8, lenye miguu mitatu. Ndani kuna ulimi mwembamba wa shaba uliopindwa, unaoruka kutoka mguso mmoja hadi mwingine ukibofya. Ulimi ule ukichoka au mguso ukiingia kutu, unadunda, na kompyuta inahesabu mbofyo mmoja kuwa miwili. Huo ndio ugonjwa ninaoutibu kuliko wote. Kipanya kikiwa na soketi zinazopokea umbo hilo la kawaida, utanunua swichi kwa muuzaji yeyote wa vipuri. ASUS ilifanya hivyo kwenye ROG Gladius mwaka 2014: unafungua skrubu, unachomoa swichi, unapachika nyingine. Lakini moduli nzima ya kitufe ikiwa ya umbo lake pekee, isiyouzwa na mwingine, basi umefungwa kwa muuzaji mmoja. Swichi zinazotumia mwanga zina miguu tofauti na haziingiliani na hizi, kwa hiyo uliza ni zipi.

Sensa ni rahisi kuhukumu. PixArt PMW3360 hufika nukta 12,000 kwa inchi na PAW3395 hufika 26,000. Zote mbili zinamtosha mchezaji yeyote, kwa kuwa wengi huchezea kati ya 400 na 1,600. Namba kubwa isikupumbaze. Gurudumu linategemea enkoda, kidude kinachosoma mzunguko wake kilicho chini yake, ambayo kimo chake hutofautiana kwa milimita. Waombe watangaze kimo hicho, maana enkoda isiyo ya saizi yake haikai.

Hatua ya 6: Uliza programu itaishi wapi

Mipangilio ihifadhiwe ndani ya kipanya chenyewe, na programu ifanye kazi bila intaneti na bila kufungua akaunti. Kampuni ya Ploopy ya Kanada hutoa wazi michoro ya vipanya vyake na hutumia programu huria ya QMK, kwa hiyo mtu yeyote mwenye printa ya 3D anaweza kuchapa mgongo mpya. Kampeni ikiahidi kutoa michoro ya moduli, waombe waitoe sasa, hata kama ni rasimu.

Sababu yangu ya kusisitiza ni hii. Kampuni ya Mad Catz ilitoa R.A.T. 7 mwaka 2010, kipanya kilichorefushwa kwa skrubu, chenye vipande vya kubadilisha na vyuma vya kuongeza uzito. Kilipendwa sana. Mwaka 2017 kampuni ikafilisika, na ingawa jina lake lilirudi sokoni baadaye, aliyepoteza kipande katika kipindi kile hakuwa na mahali pa kukiagiza. Kampeni ndogo ina uwezekano mkubwa zaidi wa kufikia hali hiyo.

Hatua ya 7: Hesabu kalibu

Hesabu vipande vya plastiki vyenye umbo tofauti. Kila umbo linahitaji kalibu yake ya chuma ya kumiminia plastiki kiwandani, na kalibu moja hugharimu maelfu ya dola. Kampeni yenye maumbo 15 inayoomba dola 20,000 tu haijapiga hesabu, au ina hela nyingine isiyoitaja. Uliza. Vilevile ukiona wanaongeza moduli mpya kila lengo linapovukwa, jua kila nyongeza ni kalibu nyingine na miezi mingine ya kusubiri. Napenda kampeni inayoanza na migongo miwili na bavu mbili, ikaviweka sawa.

Hatua ya 8: Piga hesabu hadi mlangoni kwako

Tuseme kipanya ni dola 80 na usafirishaji 20. Forodha huhesabu VAT juu ya thamani pamoja na usafiri: asilimia 18 Tanzania Bara ni dola 18 zaidi, Kenya asilimia 16 ni dola 16. Ongeza tozo nyingine na ada ya kampuni ya kusafirisha inayokulipia forodhani. Hakikisha pia wanatuma nchini kwako, kwa kuwa nyingine huorodhesha Ulaya, Marekani na Asia pekee. Watano mkichangia pamoja na mzigo ukaja mmoja, usafiri hushuka, ila kiwango cha VAT kiko palepale.

Ukitumia kadi pepe ya simu, kumbuka makato huja siku kampeni inapoisha, pengine mwezi mmoja baada ya kubonyeza. Kadi iwe bado hai na salio liwepo. Malipo yakikataliwa Kickstarter hukupa siku chache tu za kurekebisha. Siku ya kuchangia, hifadhi picha ya ukurasa mzima: vipimo, orodha ya moduli, tarehe iliyoahidiwa.

Hatua ya 9: Kikifika, kijaribu siku hiyohiyo

Kipime kwenye mizani. Bofya kila kitufe taratibu mara nyingi ukiangalia kama mbofyo mmoja unasomeka miwili, kisha buruta faili kwenye skrini uone kama linadondoka njiani. Chomoa na rudisha kila moduli, hata zile ambazo hutazitumia, kwa sababu pini mbovu hujificha kwenye moduli uliyoiacha ndani ya boksi. Futa vibati vya shaba kwa pamba yenye spiriti ya aizopropili, acha ikauke, ndipo uunganishe. Kasoro yoyote irekodi kwa video na uitume kwa mwenye mradi wiki hiyohiyo, wakati bado ana vipuri vya awamu ya kwanza mezani. Kama kila kitu ni kizima, agiza jozi moja ya swichi za akiba za aina iliyotajwa kwenye ukurasa ule uliouhifadhi, uziweke pamoja na bisibisi yake.