SOMO: Put off, maana zake na inavyotumika

Wakuu, swali hili nimelijibu mpaka basi. Leo naliweka lote hapa, akiuliza mtu mleteni asome.

1. Umbo halibadiliki: leo put off, jana put off. Putted waachieni wacheza gofu.

2. Kuahirisha. We put off the meeting until Friday. Kikifuata kitenzi kinavaa -ing: I put off going to the dentist. Sio put off to go.

3. Kumkata mtu stimu. The smell put me off my food, yaani harufu ilinitoa hamu ya kula.

4. Hapa ndo watu wanaanguka kwenye mitihani na hata kazini. It, him, them vinakaa KATIKATI: put it off. Ukiandika put off it umekosea, hakuna mjadala. Jina la kitu likae popote, put off the wedding au put the wedding off, zote safi. Halafu msichanganye na call off! Ukiambiwa intavyuu imekuwa put off, endelea kujiandaa, ipo ila imesogezwa mbele, ila ikiwa called off ndo imefutwa hiyo. Ukimwandikia bosi moja ukimaanisha nyingine watu watasafiri bure.

MASWALI

– Mkuu kwa hiyo put off ni kughairi?
Soma namba 4.

– Mbona sisi tunasema put off the light?
Huku kwetu tunasema sana na tunaelewana vizuri tu. Kwenye mtihani andika turn off au switch off. Moto ni put out.

– nipe mifano 20 fasta nina test kesho
Mifano ipo juu, tunga na wewe kidogo.

– Kaka, kuna mtu ana deni langu kila siku ananipiga danadana, naweza kutumia hii?
Swali zuri sana dada. Ndiyo: He keeps putting me off. Ila sentensi hiyo ikiwa peke yake mtu anaweza kudhani jamaa anakukata stimu, kwa hiyo ongezea visingizio: He keeps putting me off with excuses. Hapo danadana inaonekana wazi. Na putting ina t mbili.

– Kwenye barua ya ofisi je?
Tumia postpone, ndo rasmi zaidi. Ila postpone haina ile maana ya namba 3, ni kuahirisha tu.