Futa ubao, waandike upya

Mwalimu wa Kiingereza kidato cha kwanza, hasa unayepokea watoto waliosoma msingi kwa Kiswahili, jaribu hili. Andika ubaoni aya ya sentensi tano au sita kuhusu jambo wanalolijua: mama anakaanga maandazi, mafuta yanaisha, mtoto anatumwa dukani. Waisome kwa sauti mara mbili, kisha mmoja aieleze kwa Kiswahili. Usione haya kukiruhusu. Hapo ndipo utajua nani ameelewa na nani alikuwa anaimba tu. Halafu shika dasta, futa yote, ubakize maneno manne au matano ya kushikilia. Wawili wawili waiandike upya, si lazima neno kwa neno.

Makosa yatakayotokea ndiyo somo lenyewe. Kwangu la kwanza huwa he na she. "My mother he send me," wanaandika, na si uzembe: kwa Kiswahili baba ni yeye, mama ni yeye. Siku hiyo nasahihisha hilo tu. Ile s ya "sends" itasubiri wiki ijayo, maana daftari likijaa wino mwekundu mtoto halisomi, analifunga.

Una darasa la watoto 70? Usibebe madaftari nyumbani. Wabadilishane, kila mmoja azungushie duara he na she zote za mwenzake, wabishane. Kelele zitakuwepo, kwa hiyo mwambie mapema mwalimu wa darasa la jirani.